Jambazi Alirudi Darajani kwa Nini

Kwenye banda la video nyuma ya soko, watu hawakumsikiliza kauboi. Walimsikiliza Kasuku. Mwanamke huyo mwembamba mwenye mdomo mpana alikaa juu ya kigoda kando ya runinga, kipaza sauti mkononi, akizigeuza picha za kigeni kuwa Kiswahili. Alimsemea steringi, akamsemea adui, akamsemea bibi harusi. Farasi akikohoa, naye husemewa.

Lugha yenyewe aliidaka nusu. Nusu ya pili aliimalizia kwa akili yake, na hakuna aliyewahi kulala na njaa kwa ajili hiyo.

Picha iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mapinduzi. Jambazi mmoja, roho yake jiwe, anamsaidia mwanamapinduzi kuiba dhahabu ya serikali. Akishapata fungu lake, huyo, anaondoka. Mara mwanamapinduzi anazingirwa darajani, anapiga ukelele wa neno moja, na jambazi anatupa mfuko mtoni, anageuza farasi, anarudi kufa naye. Kwa nini? Nakala yao ilikatwakatwa na mtu asiyejulikana ili iishe upesi, na sababu ilikatwa humo humo. Neno lile Kasuku alilitafsiri “ndugu”. Akaeleza kwamba wale ni tumbo moja, vita ndivyo vilivyowatenganisha. Banda zima likalia, na kila ilipoonyeshwa likalia upya.

Jumamosi hiyo mwenye banda aliandika kwa chaki mlangoni: PICHA NZIMA, HAIJAKATWA. Watu wakajaa mpaka madirishani.

Kasuku hakuwa na raha. Benchi la nyuma alikaa Fundi, seremala, sanduku la zana katikati ya miguu. Gari la abiria la kumpeleka mji mwingine kutafuta kazi lilikuwa linaondoka jioni ile ile. Alikuwa mtoto wa jirani. Wazazi wake walipofariki, mama yake Kasuku alimchukua hajaota meno, akawalea wawili kama mapacha. Mama alipozikwa, juzijuzi tu, mjomba alijitandaza kwenye kiti akasema, “Sasa tuongee mambo ya nyumba. Ndugu wabaki, wengine watupishe.”

Fundi akainuka, akatoka. Kasuku, msemaji wa farasi, akabaki mdomo wazi kama mlango wa choo cha soko.

Alipomfuata baadaye kumsihi abaki, Fundi alimjibu, “Dada, mjomba hakukosea. Mimi ni mgeni niliyekaa sana.”

Picha ikaanza. Mara kikatokea kipande ambacho hakuna aliyewahi kukiona: mama yake jambazi anachochea moto, anamlalamikia mwanamapinduzi. Kwa bahati mbaya, Kasuku alielewa kila neno.

“Mimi nilizaa mmoja tu,” akatafsiri, “na huyo mmoja ni mwizi.”

Banda likalipuka. “Kasuku! Si ulisema tumbo moja?”

“Nilipewa picha imekatwa. Wewe ukiona kuku hana kichwa, utajua alikuwa akiwika nini?”

“Sasa anarudi kwa nini?” aliuliza muuza mitumba. “Dhahabu yote ile! Mimi nisingerudi!”

“Wewe usingerudi hata kwa mama yako. Nyamaza tutazame.”

Kikaja kipande kingine kigeni. Jambazi ana homa, amelala pangoni anatetemeka. Mwanamapinduzi anamfunika blanketi lake la pekee, yeye anajikunyata mlangoni mvua ikimpiga. Hakuna anayesema kitu, kwa hiyo Kasuku hakuwa na kazi. Akalitazama lile blanketi tu, kisha akageuka kulitazama benchi la nyuma.

Wakafika darajani. Risasi. Neno lile likaitwa.

“Ndugu!” Kasuku akapaza sauti.

“Ndugu wa wapi?” muuza mitumba hakukubali.

Kasuku akasimama, mgongo kwenye runinga. “Ndugu yangu! Tulilala blanketi moja, akikojoa yeye nachapwa mimi! Nani aliyembeba mama mgongoni kumpeleka hospitali? Huyo mjomba alikuwa wapi?”

“Kwani jambazi ana mjomba?” mtu akanong'ona.

“Anaye! Na hicho ndicho kipande kilichostahili kukatwa!”

Vicheko. “Undugu ni kufaana!” sauti ikadakia kutoka dirishani.

“Usinisomee methali, mtu anakufa huku!”

Kwenye benchi la nyuma, Fundi hakucheka. Alijipangusa uso kwa mkono wa shati lililojaa vumbi la mbao, kisha akapaza sauti:

“Dada! Kaa chini, unatuzibia picha!”

Kasuku akakaa kwa kishindo, kigoda kikavunjika mguu.

Nje gari likapiga honi, likapiga tena, likaenda zake. Banda lilipobaki tupu, Fundi alifungua sanduku, akatoa nyundo na misumari, akakipindua kigoda.

“Na mjomba je?” akauliza bila kuinua macho.

“Kesho tunakwenda wote. Safari hii nitasema mimi.”

“Basi mwonee huruma kidogo,” akasema Fundi, akapigilia msumari.