Siku Niliyofunga Maji

Siku ya kwanza katika zimamoto ya Nairobi nilipewa viatu vya mtu aliyestaafu. Vilinibana, lakini nilitembea kana kwamba nimeshonewa. Ofisa wa Stesheni, Mzungu mrefu asiyependa maneno mengi, aliuliza nilikuwa wapi wakati wa vita. Nikamjibu kwamba nilikuwa manowarini, kazi yangu ikiwa pampu. Akasema mjini hakuna bahari, akanipeleka kung'arisha shaba. Kuanzia hapo wenzangu wakaniita Baharia, na jina hilo nililipenda.

Ninyi vijana mnaokuta injini zinazowaka kwa kubonyeza kidude, niwaambie tulivyofanya kazi miaka ile ya hamsini. Mtu wa pampu alibaki barabarani kando ya injini, mkono wake juu ya gurudumu la kufungulia maji. Waliobeba mpira wa maji waliingia ndani ya moshi. Hapakuwa na redio. Aliyekuwa ndani akitaka maji yafungwe, alituma mtu au akapuliza filimbi mara mbili. Kufunga bila amri lilikuwa kosa kubwa kuliko yote, kwa sababu maji yale ndiyo ngao ya mwenzako. Na kulikuwa na sheria nyingine: mpira ukilegea mkononi, usisubiri. Uushike, uufuate hadi nje.

Rafiki yangu wa karibu alikuwa Wekesa, kijana kutoka magharibi ya nchi, mwenye mabega ya fahali na mdomo usiochoka. Mimi ni mtu wa Waithaka, pembeni mwa Nairobi. Siku zile za Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikituhesabu watu wa kabila langu wote kuwa waasi, mtu wa kwetu asiye na kazi hakupata pasi ya kukaa mjini, na asiye na pasi alibebwa kwenye lori hadi kizuizini. Kazi ile ndiyo iliyokuwa kati ya watoto wangu na lori hilo. Kila asubuhi niliweka kofia yangu ya chuma sawa, nikiomba Mungu nisikosane na mkubwa yeyote.

Basi adhuhuri moja ghala la nafaka karibu na reli likashika moto ghorofa ya juu. Tukamimina maji kwa madirisha ya juu, naye Wekesa na mwenzake wakaingia ghorofa ya chini, wakirusha maji juu kupitia ngazi. Nikiwa kwenye pampu nikaanza kuangalia mlango. Tulikuwa tumemwaga maji muda mrefu, lakini yaliyotoka mlangoni hayangejaza ndoo. Nikamuuliza karani wa ghala kuna nini juu. Akasema maharagwe, magunia mpaka darini.

Manowarini chifu wetu alitufundisha kwamba meli huweza kustahimili moto, kisha ikazama kwa maji ya wazimaji wenyewe. Maharagwe yale yalikuwa yanakunywa, yanavimba, yanazidi uzito, na chini yake alikuwa Wekesa. Ukuta wa kando tayari ulikuwa umefura katikati.

Nikamkimbilia Ofisa wa Stesheni. "Afande, maji hayatoki. Sakafu itaanguka. Toa watu."

"Wewe rudi kwa pampu yako," akasema bila kunitazama.

Nikarudi. Sitasema niliwaza mengi. Niliona sura ya mke wangu, nikaona lori, nikaogopa sana. Halafu nikafunga maji.

Wakatoka wawili, mikono juu ya mpira mlegevu, macho mekundu. Wekesa alinikamata ukosi. "Baharia, unataka kuniua?" Hajamaliza kunitikisa, sakafu ikashuka yote, na ukuta ukaifuata hadi barabarani. Mkono wake ulibaki ukosini mwangu, lakini sasa alikuwa amenishikilia asianguke.

Kesho yake niliitwa ofisini. Ofisa aliuliza kama nilifunga maji bila amri. Nikasema ndiyo, Afande. Akaandika polepole, kisha akasema, "Siwezi kuandika kwamba mimi nilikosea. Naandika wewe ulifanya nini." Akanipa barua ya onyo, nami nikabaki na kazi yangu.

Baadaye nilihudumia mitaa ya magharibi, tukizima moto kwenye mabomba ya moshi ya majumba ya matajiri wa Kitisuru, na baada ya Uhuru nikawa mkufunzi wa pampu mpaka nilipostaafu. Nishani ninazo mbili, zimo sandukuni. Ukutani nimetundika ile barua.

Mwaka jana Wekesa alinitembelea Waithaka na wajukuu zake, ambao huniita Guka, yaani babu. Akawapanga mbele ya barua, akamwambia mkubwa wao aisome kwa sauti. Msichana akasoma mpaka mwisho, akanigeukia kwa huruma.

"Kwa hivyo Guka ulifanya makosa?"

Wekesa akanijibia. "Alifanya. Sasa jihesabuni."

Walikuwa kumi na mmoja. Siku ya ghala lile, Wekesa alikuwa hajaoa.