Nanasi la Jicho Moja

Juzi nilikuwa nimeketi kwangu Ruiru, simu mkononi, nikitafuta mitindo ya kufuma vitambaa vya Krismasi. Simu ilinimwagia mitindo mpaka nikachoka: nyota, kengele, kondoo, hata chembe za theluji, mimi ambaye theluji yangu ni ile ya kukwangua kwenye friji. Mama mmoja kwenye video alinionyesha kila tundu polepole, na nikikosea anarudia bila kununa. Bure kabisa. Nikacheka peke yangu, maana nilimkumbuka cucu, yaani nyanya yangu, na jinsi alivyoteseka kwa ajili ya nanasi moja.

Tulikaa Gatuanyaga, rafiki yangu, kule ambako vumbi lilifika kabla ya mgeni. Kila nyumba ilikuwa na vitambaa vya kufuma vya kufunika viti, na ikifika Disemba lazima viwe vipya. Lakini mtindo haukuombwa. Ungeomba ungepewa, halafu ungesemwa mpaka Pasaka. Ulienda kwa mwenzako kunywa chai, ukaiba kwa macho. Mwenye nyumba naye, akiona macho yamezidi, alileta sahani ya ndizi akaiweka juu ya ua la kitambaa.

Mwaka huo cucu alikuwa na shida ya kweli. Mjomba alitaka kuoa, na wakwe kutoka Thika mjini walikuwa waje kuona boma letu. "Watu wa mjini wanaangalia kiti kabla ya kukaa," cucu alisema, na vitambaa vyake vilikuwa vimekuwa rangi ya moshi. Aliogopa wangeviona na kuamua binti yao anakuja kuteseka. Mtindo mpya alikuwa nao jirani yetu peke yake: nanasi, majani juu na tunda chini, aliloletewa na dada yake. Cucu alisema nanasi liliumbwa na Mungu, si na jirani.

Ibada ya nyumbani ilipofika zamu ya jirani, cucu alikuwa wa kwanza kukaa, pembeni kabisa mwa nanasi. Mzee wa kanisa akauliza kuna mahitaji gani ya maombi.

"Tuombee mvua," cucu akasema. "Na ng'ombe. Na wale watoto wako na mtihani. Na madereva wa ile barabara kubwa, wanakimbia sana."

Mzee alifurahi, akafumba macho, akaanza.

Mimi nilifungua yangu, maana mtoto ni mtoto. Cucu alikuwa ameinamia kitambaa, jicho moja wazi, kidole kikitembea tundu kwa tundu, huku akiitikia amina. Kisha nikamwona jirani. Naye alikuwa macho wazi, akimtazama cucu kama kuku anavyomtazama mwewe. Nani angemshtaki mwenzake bila kukiri kwamba hata yeye hakuwa akiomba?

Jirani alipata njia. Aliinuka akiomba kwa sauti, akavuka chumba, akamwekea cucu mkono kichwani na kukigeuza kichwa kuelekea dirishani. "Mbariki huyu mama, Bwana, umshike," akaomba, na yeye mwenyewe akamshika. Mpaka amina ya mwisho, cucu aliona dirisha tu.

Kwa hivyo alirudi nyumbani na majani ya nanasi bila nanasi. Sehemu ya chini aliibuni. Alifuma na kufumua, na alipomaliza, babu alilitazama kwa muda akauliza kama ni kitunguu. Babu hakupata chai jioni hiyo. Nilimwonea cucu huruma sana, maana alivipanga vile vitambaa, akaviondoa, akavipanga tena.

Wakwe wakaja. Jirani naye akaja kusaidia kupika, kama desturi. Mama wa bibi harusi aliinua kitambaa kabla ya kukaa.

"Haki, mama, hii maua umetoa wapi? Sijaiona Thika yote."

"Ni ya hapa kwetu," cucu akajibu, bila kumtazama jirani. Nikajua harusi ipo.

Mzee wa kanisa aliombwa abariki chakula. Nikafungua macho. Jirani alikuwa ameinama kando ya kiti, sufuria ya mchuzi mkononi, akihesabu matundu ya kitunguu chetu. Cucu alimwona pia. Nilingoja aende kumwekea mkono kichwani. Badala yake alifumba macho taratibu, akasema kwa unyenyekevu, "Mzee, kabla hujamaliza, tuombee na mvua."

Wote wawili wametangulia. Vile vitambaa nimevitafuta sijavipata, na inaniuma. Lakini nimefuma vyangu, vizuri kuliko vya wote wawili, nikavitandaza vitini ibada ilipokuja kwangu. Katikati ya maombi nikafungua jicho moja, nikatazama chumba kizima. Watu wote walikuwa wakiomba kweli.