Mashine Iliyonuka Harusi

Nilipomaliza kuifunga projekta, skrubu moja ilibaki juu ya mkeka. Nilitazama kila tundu, sikuona lililokosa skrubu. Nikaitia ile moja mfukoni mwa kanzu na kumuomba Mwenyezi Mungu anisitiri, kwa sababu kesho yake asubuhi mashine ile ilikuwa na kazi isiyoweza kungoja siku nyingine.

Hapa Msambweni nina darasa la akina mama wazee, katika chumba kilichoshikana na nyumba yangu. Wako sita. Waliolewa wadogo, wakaacha chuo cha Kurani kabla ya kuzijua herufi, na sura walizonazo wamezipata kwa masikio, kwa kusikia wengine. Walipokuja kwangu walitaka jambo moja tu, wasome juzuu moja kwa macho yao wenyewe. Kwetu tunaanza na sura fupi za nyuma na kurudi mbele, hivyo sura inayofungua juzuu ndiyo ya mwisho kusomwa. Anayeisoma yote mbele ya wenzake, bila mwalimu kumtilia neno mdomoni, amehitimu. Akitiliwa hata neno moja, anarudi siku nyingine.

Mkubwa wao kwa umri ni bibi mmoja mzaliwa wa Mkwiro, kule kisiwani. Macho yake yameharibika kwa nyuma, na daktari alimwambia miwani haitamsaidia. Nilijaribu kumwandikia kwa chaki ubaoni, herufi kubwa kubwa, lakini mkono wangu siku hizi unatetemeka. Alikaza macho akasema, "Mwalimu, hao ni buibui wanatembea." Anachoweza kukiona ni kitu kikubwa chenye mwanga mkali nyuma yake. Ndiyo maana projekta ilikuwa neema kwetu. Mzungu mmoja wa Diani, jirani wa mpwa wangu, alipokuwa akifungasha kurudi kwao alimpa mpwa wangu, na mpwa wangu akaniletea mimi. Ni mashine ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia, aliyokuwa akitazamia filamu na mpira ukutani kwake. Mimi niliiunganisha na kompyuta ndogo ya mpwa wangu, nikaurusha ukurasa wa msahafu kwenye ukuta uliopakwa chokaa, na kila herufi ikawa kubwa kama kiganja. Siku hiyo ya kwanza yule bibi aliinua uso ukutani. Kisha akasema, "Kumbe herufi miim ina kichwa."

Lakini siku hiyo hiyo mama mwingine, jirani yangu mwenye ulimi mkali, aliuliza, "Mwalimu, mashine hii imeshaonyesha uchi wa Wazungu miaka chungu nzima, leo ndiyo itupe aya?"

Wenzake walicheka. Mimi neno lile liliniingia. Nilijua kuwa maneno matakatifu hayachafuliwi na kioo wala waya, ila moyo hupenda kuiona adabu kwa macho. Tangu siku hiyo, kabla ya kila darasa, nilitia makaa katika chetezo, nikaweka udi, nikaizungushia mashine mara tatu. Kisha nilikiacha chetezo chini ya meza yake kiendelee kufuka mpaka darasa liishe. Udi wenyewe alinitengenezea yule bibi, ule wa harusini, unaopikwa kwa sukari na marashi. Ulijaza chumba kizima.

Mwezi wa tatu tangu tuipate, mashine ilizima katikati ya somo kwa mlio mkavu na harufu ya kuungua. Nimefungua redio nyingi katika maisha yangu, kwa hiyo sikuogopa. Niliifungua, nikaona bodi moja yenye doa jeusi, nikaichomoa na kumpelekea fundi wa Ukunda, kijana aliyetoka bara. Alipoiona bodi peke yake alishangaa. "Mzee, na mashine iko wapi?" Nikamwambia iko nyumbani, haina kosa, ugonjwa ni huu hapa. Alibadilisha vipande vilivyoungua, akanirudishia Jumanne mchana. Jumanne jioni ndipo nilipobaki na ile skrubu.

Kilichofanya kazi ya Jumatano isiweze kungoja ni mwana wa yule bibi. Bibi alikuwa haoni njia tena, ameshaanguka mara mbili jikoni, na watoto wake walikubaliana akakae kwa mwanawe Mkwiro, moja kwa moja. Gari la kumpeleka Shimoni kukutana na boti lilikuwa lije kabla ya adhuhuri. Kule anakokwenda hakuna ukuta wa namna hii wala mashine. Alikuwa amebakiza sura ile moja. Nilimwambia, "Bibi, unaijua kwa moyo, isome hivyo hivyo, Mungu anaijua nia yako." Akanijibu, "Kwa moyo naijua tangu sijaota meno, mwalimu. Mimi nilitaka niione."

Jumatano saa tatu walikuwa wameshaketi. Tulitundika leso, kanga za akina mama, madirishani kuzuia jua, na juu ya zile leso tukaongeza shuka nzito. Nilifukiza kama kawaida, na siku hiyo niliongeza udi kwa kuwa ni siku ya heshima. Niliwasha. Feni ikavuma, taa ikapanda polepole, ukurasa ukatokea ukutani. Akina mama wakasema "Alhamdulillahi" kwa sauti moja. Mwenye ulimi mkali alisoma mistari michache kwanza, kuijaribu. Halafu ukuta ukawa mweusi.

Mbele ya mashine taa ndogo nyekundu ilikuwa ikipepesa. Nilitazama saa. Dakika saba.

Nilizima swichi ya ukutani, nikangoja, nikakagua waya wa kuongezea umeme, nikaubadilisha kwa mwingine. Nilimwomba mke wangu azime friji, labda umeme ulikuwa mdogo. Niliwasha tena. Safari hii ilikaa dakika nne. Yule bibi alikuwa ameshafika mbele ya ukuta, amesimama na fimbo yake, hajafungua hata mdomo.

"Imekufa?" aliuliza.

"Imechoka kidogo, bibi. Kaa."

Nikatoka uani kumpigia fundi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bodi yako imekufa tena."

"Bodi yangu? Haiwezi, mzee. Inazima baada ya muda gani?"

"Saba, kisha nne."

"Na taa ya mbele?"

"Nyekundu, inapepesa."

"Basi hiyo ni joto. Bodi ikiwa mbovu hata hizo dakika saba hungezipata. Sasa mzee, hebu angalia pale kwa upande, kuna ka-mlango..."

"Kijana," nilimkata, "usinitafutie mlango. Wewe uliniambia imepona. Nina mtu mzima hapa amesimama mbele ya ukuta mtupu kwa sababu yako. Kazi ya mkono ni amana."

Akasema taratibu, "Sawa, mzee," nami nikakata simu.

Nimefundisha watu subira kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Naandika haya nikijua hivyo.

Niliporudi ndani mwana wa yule bibi alikuwa ameshafika. Ni mtu mzima mwenye mvi, mpole, ameshika kofia yake mlangoni. "Mwalimu, as-salaam alaykum. Boti haitatungoja, bahari itakupwa na ile njia ya kupandia itakuwa matope matupu. Tuna saa moja na kidogo."

"Nipe hiyo saa moja," nilimwambia.

Ile skrubu mfukoni ilikuwa imeanza kunichoma kama kaa. Nilichomoa waya wa umeme, nikaigeuza mashine, nikafungua kifuniko cha juu. Kila waya ulikuwa mahali pake. Niliibonyeza bodi, imekaa imara. Nilitafuta tundu la ile skrubu mpaka macho yakaniuma. Jirani yangu aliniinamia begani.

"Mwalimu, labda hiyo skrubu ni ya redio yako ya zamani."

"Mama, niache."

"Nakuacha. Ila usitufungue na sisi ukabakisha kitu."

Wote walicheka isipokuwa bibi. Yeye alikuwa amesogea mpaka kwenye meza, akipapasa. Vidole vyake vilifika pembeni mwa mashine, penye matundu ya kupitishia hewa, ambapo chuma kilikuwa bado cha moto. Akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Mwalimu," alisema, "mashine yako inanuka harusi."

"Chumba kizima kinanuka udi, bibi."

"Sisemi chumba. Chumba kinanuka udi unaofuka. Huku ndani kunanuka udi ulioganda. Ni ile harufu ya sufuria yangu nisipoiosha." Akapitisha ukucha pale penye matundu, akausugua kwa kidole gumba. "Huu utomvu naujua. Hii ni sukari yangu."

Nilipiga magoti. Pale pale penye matundu palikuwa na kijifuniko kidogo, sikupata kukijali hata siku moja. Nilikivuta, nacho kikatoka pamoja na sponji nyembamba iliyopaswa kuwa ya kijivu. Ilikuwa nyeusi, inanata, imeshikana kama kitumbua kilichoungua. Mashine ilikuwa ikivuta pumzi kwa hapo, na kwa miezi mitatu mimi nilikuwa nimeilisha moshi wa sukari na marashi kutoka chini ya meza, mara tatu kuizunguka na zaidi. Kumbe hata bodi iliungua kwa kukosa hewa. Na yule kijana alikuwa akinieleza habari ya ka-mlango.

"La ilaha illa Llah," alisema jirani yangu, safari hii bila mzaha. Kisha hakuweza kujizuia. "Umeifukiza mpaka imepaliwa!"

Sikucheka. Zilibaki dakika arubaini.

Mke wangu alileta maji ya vuguvugu na sabuni. Akina mama waliisugua ile sponji kwa vidole, taratibu, kama wanaoosha kichwa cha mtoto mchanga. Maji ya kwanza yalitoka kama kahawa, ya tano yakatakata. Bibi aliinusa, naye ndiye aliyetoa hukumu. "Bado," alisema mara mbili, na mara ya tatu akasema, "Haya." Wakaikamua kwenye taulo, wakaiweka juani uani, na wawili wakaipepea kwa vipepeo vya ukili. Mimi nilifuta matundu kwa kitambaa, kisha nikakichukua chetezo kwa mikono miwili na kukipeleka nje ya lango. Mwana wa bibi alitazama saa yake, akaifunika kwa mkono wa kanzu. Namshukuru kwa hilo.

Niliigusa sponji kwa shavu. Ilikuwa kavu. Nikairudisha, nikafunga, nikasema Bismillahi, nikawasha.

Bibi alianza. Alisoma kwa kunyoosha fimbo kuelekea kila neno, akilitazama kwanza, kisha akilitamka. Sauti yake ilikuwa ndogo. Nilikaa kando, jicho moja kwake, jingine kwenye ile taa ndogo. Dakika ya nne ikapita. Nilishika tasbihi lakini sikuweza kuihesabu. Dakika ya saba feni ilibadili sauti, ikavuma kwa nguvu zaidi, na nilimwona jirani yangu akiziba mdomo kwa mtandio. Taa haikuwa nyekundu. Feni ikatulia.

Katikati ya sura alikwama. Fimbo ilisimama juu ya neno moja na haikwenda. Neno lile analijua, amelisali maisha yake yote, angeweza kufumba macho na kulisema. Hakufumba. Mashine ilikuwa ikivuma, gari lilipiga honi barabarani, na mimi nililiuma neno lile katikati ya meno yangu lisinitoke. Alisogea hatua moja, mpaka akawa karibu sana na ukuta, na herufi zikamwangukia usoni na kwenye buibui lake. Akaweka kiganja juu ya ile herufi iliyomshinda, na yenyewe ikapanda juu ya mkono wake, juu ya mishipa na makunyanzi. Akautazama mkono.

"Dhaal," alisema. "Kumbe ni dhaal. Ina nukta." Akaendelea.

Alifika mwisho. Niliinua mikono kuomba dua. Walimvika leso mpya mabegani, kama tunavyofanya kwa msichana anayehitimu, na mwanawe akaingia, akambusu mkono ule ule. Alipokuwa akipandishwa garini aliniita dirishani.

"Mwalimu, udi uliobaki kwenye mkebe ni wa nyumbani kwako. Mambo ya kufukiza mashine yaache."

"Nimesikia, bibi. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Nimeiona."

Gari lilipopotea nilirudi uani. Nilikaa kwenye ngazi nikampigia fundi. Alipokea haraka, kwa sauti ya mtu anayengoja kuambiwa jambo baya.

"Mwanangu," nilisema, "bodi yako ni nzima. Mimi ndiye niliyekosea. Mlango uliotaka kunionyesha nimeuona, ulikuwa umezibwa na udi wangu. Nimekusema vibaya na wewe hukuwa na hatia. Nakuomba radhi."

Alicheka, kicheko cha kushusha pumzi. "Mzee, udi? Hiyo sijawahi kuona tangu nianze hii kazi." Kisha akaacha kucheka. "Na yule mtu mzima aliyekuwa amesimama? Alisoma?"

"Alisoma yote," nilimwambia.

"Basi iko sawa," alisema, na akaniuliza kama skrubu moja, fupi, yenye kichwa bapa, ninayo mimi. Ilikuwa imetoka mezani kwake, ikafuatana na bodi yangu.