Kitabu cha Chombo Kilicholipuka na Kilio Changu Sokoni

Acheni niwasimulie mwenyewe, kwa sababu nimechoka kuisikia hadithi hii midomoni mwa watu, na kila wakiisimulia wananiongezea kamasi. Ndiyo, nililia hadharani, katikati ya soko la Garissa, mwanamume mzima mwenye ndevu, mwalimu wa fizikia (macalin, kwa Kisomali chetu), tena nililia mara mbili, na mara ya kwanza nilikuwa nalilia kitabu. Haya, chekeni mmalize ndipo tuendelee.

Siku hiyo nilikuwa hoi tangu asubuhi (mwisho wa muhula, mnajua wenyewe, unasahihisha mitihani mpaka unaona wino mwekundu hata kwenye chai), na mwalimu mkuu alikuwa amenituma nikachague kitabu kimoja cha klabu ya sayansi, kimoja tu, akaniambia mbele ya walimu wote, "Macalin Adan, safari hii usituletee jalada," kwa sababu mara ya mwisho nilileta kitabu kinene cha volkano ambacho picha nzuri ilikuwa ile ya nje peke yake, na wanafunzi wakaishia kukitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo. Kwa hiyo nilikwenda sokoni nimeapa kwamba sidanganywi tena.

Yussuf, muuza vitabu vya mitumba karibu na lango la soko, alinitolea kimoja kuhusu chombo cha angani kilicholipuka kikiwa na watu ndani. "Hii kitabu ni msuri, macalin," akasema kwa lafudhi yetu ya Kisomali, "hakuna ukurasa hata moja imebotea." Sasa mimi nina njia yangu ya kupima kitabu: sianzi mwanzo, maana mwanzoni kila mwandishi hujitahidi, nafungua karibu na mwisho nione kama bado ana la kusema. Nikakaa kwenye kiti chake cha plastiki, nikafungua. Hapo ndipo nilipojiharibia, maana ningesoma mwanzo tu kama watu wengine, ningekuwa na heshima yangu mpaka leo.

Kumbe kitabu chenyewe kizuri. Mwandishi anaeleza jinsi mafundi walivyojua kuna hitilafu, wakawaambia wakubwa, lakini kwa maneno laini, kwa kuzungukazunguka, tuna wasiwasi kidogo, pengine tungesubiri, na wakubwa wakasikia walichotaka kusikia, chombo kikaruka. Halafu upo ukurasa wa mama wa mmoja wa wale waliokuwa ndani, amesimama na watu wengine akitazama juu, wenzake wameshanyamaza, yeye bado anapiga makofi kwa sababu hajajua kwamba moshi ule haukuwa sehemu ya safari. Sijui ni uchovu, sijui ni nini (mama yangu mwenyewe yuko Griftu na mbuzi wake, na Idi iliyopita nilimwambia nakuja na sikwenda), nikashtukia machozi yanadondoka kwenye karatasi, na si machozi ya kupangusa kwa kidole, ni kile kilio cha mabega.

Mama Halima, muuza chai wa kibanda cha jirani, akaniona. Kwetu mwanamume halii sokoni kwa jino wala kwa mshahara. Akilia, amefiwa, na aliyefiwa haulizwi nani kafa, anaombewa na kupewa chai. Akaja, akasema "Innaa lillaahi," akaniwekea kikombe. "Bole, macalin. Fumilia." Nami badala ya kusema ni kitabu tu, mama, niliona haya, nikaitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa! Yaani elimu yote hii haikunisaidia kufungua mdomo.

Lakini ingawa mfiwa haulizwi, wengine huulizwa (haya niliyajua baadaye). Mama Halima ana ndugu Griftu, akawapigia, akauliza kwa adabu kama mama wa mwalimu ni mzima. Wale wakaona, ikiwa Garissa wanauliza hivyo, basi Garissa wamesikia jambo, wakakimbia kwa Abti Hirsi, kaka yake mama. Abti akampigia dada yake, simu ikawa mteja, haipatikani. Alikuwa kisimani akinywesha mbuzi, na huko hakuna mtandao, lakini ukishashikwa na hofu hukumbuki visima. Basi akanipigia mimi.

Nilikuwa nimeshapangusa uso, namwambia Yussuf anifungie kitabu.

"Adan," akasema abti kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake (yeye huongea na simu kama anaita ngamia), "umekula?"

"Nimekula, abti."

"Umekaa chini?"

"Abti, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mama yako anaumwa kidogo tu. Njoo nyumbani."

Ninyi mliotoka mbali hamjui uzito wa maneno hayo. Kwetu kifo hakisemwi kwenye simu. Unaambiwa fulani anaumwa kidogo, unaitwa nyumbani, ukifika unakuta watu wamejaa mkekani ndipo unajua. Na kwa kuwa kila mtu anaijua njia hiyo, haimfichi mtu kitu. Nikampigia mama: mteja. Nikapiga tena: mteja. Nikamgeukia Mama Halima, akainamisha macho, nikaelewa. Soko zima lilikuwa limejua kabla yangu, ndiyo maana akaniletea chai!

Hapo nikalia kweli. Nilikaa mchangani nikimwita mama, hooyo, hooyo, na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, wale ninaowaambia kila siku watangulize akili, wakasimama kunitazama. Mzee mmoja akaanza dua. Wanawake wakakusanya sukari na majani ya chai ya msibani, mtu akaenda kutafuta gari la kunipeleka Griftu. Dua ikiwa katikati, simu ikaita. Kwenye kioo liliandikwa jina: Hooyo.

Yussuf ndiye aliyeichukua akabonyeza, akabonyeza na spika. Kisomali cha mama kikajaa soko.

"Adan! Natoka kisimani nakuta watu wamejaa kwangu, wananitazama kama jini. Mjomba wako ameshachinja mbuzi wangu, yule mweupe! Wanasema nimekufa na habari imetoka kwako. Nani kakuambia nimekufa?"

"Hakuna, hooyo," nikasema. "Nilikuwa nasoma kitabu."

Mzee wa dua akashusha mikono. Mama Halima akachukua kikombe chake, na bado kilikuwa na chai. Ikabidi nimweleze mama mbele ya watu wote kuhusu wale mafundi, wale wakubwa, na yule mama wa makofi.

"Masikini," akasema. "Na hao mafundi, mbona hawakusema wazi?"

"Waliogopa, hooyo."

"Kama huyu Hirsi na 'anaumwa kidogo' yake." Kisha sauti ikapoa. "Na wewe unakuja lini?"

"Nakuja, inshallah, shule ikifungwa, mambo yakikaa sawa..."

"Inshallah yako naijua. Adan, sema siku."

Nilikuwa nimechoka, wallahi, nina mchanga mpaka kwenye ndevu. "Kesho," nikasema.

Yussuf hakukipokea kitabu nilipomrudishia. "Hii umeshanunua, macalin. Karatasi imelowa." Sikubishana. Mwalimu mkuu baadaye aliniuliza kama kinafaa, nikamwambia kinafaa, ila kisomewe ndani, mlango umefungwa. Mimi mwenyewe nimeapa kwamba sitafungua tena kitabu mwishoni mbele ya watu, na nikiulizwa nalia nini, nitajibu.

Kesho yake nilikuwa Griftu, nakula nyama ya msiba na marehemu mwenyewe akinipakulia. Tulipomaliza, mama akataka nimsomee ukurasa ule wa mama wa makofi. Nikawa nasoma na kumtafsiria polepole, mpaka pale wenzake waliponyamaza na mikono yake bado inapiga. Mama akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Ishia hapo," akasema. "Mwache apige makofi kidogo."