Sufuria Moja ya Nyumba Yote

Mwanangu, kaa hapa karibu nikwambie kuhusu siku moja, bado naiona kama ya jana. Tulikuwa tunaishi Matisi, Kitale, wakati simu za mkono ndio zilianza kuingia kwa watu wa kawaida. Mzee wangu, baba ya Nekesa, alikuwa ametoka hospitali. Daktari alisema ni ugonjwa ya sukari, na alikuwa na kidonda kwa mguu, asipochunga chakula, mguu unaweza kukatwa.

Woi! Nilishikwa na uoga, nikamnunulia kasufuria kake. Namchemshia mboga bila kitunguu, bila chumvi, bila hata jina! Namwekea kwa kona. Sisi wengine tuko mezani na ugali nyeupe na chai tamu mpaka midomo inashikana. Basi nikitoka tu, anapakua ya watoto. Tunagombana, na kidonda haikauki.

Mama yake akasikia. Akatoka Kamukuywa na unga ya wimbi kwa kikapu. Huyo mama alikuwa mfupi, lakini sauti, bana! Akaingia tukikula, akaona mtoto wake kwa kona.

"Mama Nekesa, huyu amekukosea nini?"

"Hajakosa, Mama. Ni mgonjwa. Hiyo ndio chakula yake."

"Ati yake? Kwetu mwenye anapelekewa chakula kwa kona ni kuku yenye inalalia mayai. Huyu analalia nini?"

Mzee akacheka, akacheka, halafu nikaona hiyo si kicheko tena. Anapangusa macho na mkono ya shati. Hapo ndio nilielewa, mwanangu. Hakuwa anakataa mboga. Alikuwa anakataa kutengwa.

Mama akachukua kasufuria, akakapeleka nje, kuku wanywee maji. Kutoka siku hiyo tukapika sufuria moja. Mboga tele, murere na saga, maharagwe, omena zile samaki ndogo. Ugali ya wimbi, yake kipande ya ngumi, na yangu pia nikapunguza. Chai tukapika bila sukari, mwenye anataka aongeze kwa kikombe yake.

Nekesa wangu akaonja, akaambia nyanya yake. "Kukhu, hii chai imekufa!"

"Si umeze, tuizike kwa tumbo."

Kidonda ilichukua muda. Mzee alikuwa anameza dawa, anarudi kliniki, anakula kwa saa yake bila kuruka. Ikafunga. Na huo mguu, mwanangu, uliruka kwa harusi ya Nekesa mpaka kiatu ikatoka!

Kwa hivyo mtu wako akipatikana na sukari, sikiliza daktari, lakini usimtoe mezani. Badilisha sufuria ya nyumba yote. Soda iache dukani. Tunda apate, kidogo. Kula yenye anakula, na umchekeshe akikula.

Haya, Mungu akubariki, akupatie nyumba yenye hakuna mtu anakula kwa kona.