Siku Mama Mkwe Alipoomba Panzi wa Kukaanga

Naikumbuka vizuri alasiri ile, mwanangu, tulivyosimama njiani Bangkok mbele ya mkokoteni wa mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza wadudu wa kukaanga. Ilikuwa katika miaka ya tisini, watu wetu wa Ibra, hapa Oman, wameshaanza kuzoea kupeleka wagonjwa huko, na mie bado bibi harusi mpya. Tulimpeleka bibi yako, mama mkwe wangu Bi Shamsa, akatolewe mtoto wa jicho. Tulikuwa yeye, baba yako, shangazi yako Thureya, na mie.

Kabla sijafika mbali, nikwambie nilikuwa nani katika nyumba ile. Mie nimezaliwa Bukoba. Babu yangu alitoka jimbo letu hili la Sharqiyah akaenda kufungua duka kule, akamuoa bibi yangu, Mhaya, naye akasilimu akaitwa Zaituni, ingawa ndugu zake waliendelea kumwita Kokugonza. Ndiye aliyenilea. Tuliporudi Oman nikaposwa Ibra, nikaingia kwa watu waliotoka Unguja mjini, Kiswahili chao kimenyooka, chakula chao kina adabu zake, na sisi wengine wakituita "watu wa bara" kwa namna ambayo hujui ukasirike au ucheke. Thureya hasa. Usije ukamfikiria vibaya shangazi yako, hakuwa na roho mbaya. Alikuwa msichana wa ulimi mwepesi, na mie mgeni. Kila nikifungua mdomo yeye alingoja nikosee. Basi nikawa msikilizaji. Nilipika mapishi yao, nikacheka wakicheka, na habari za bibi yangu hakuna aliyeniuliza.

Siku ile mama, yaani Bi Shamsa, alikuwa amefunguliwa bendeji. Daktari alimvisha miwani myeusi, akamkataza kukodoa macho. Baba yako alibaki hospitali kungoja dawa, sisi wanawake tukatangulia kwa miguu kurudi hotelini, mama kanishika mkono. Tulipopinda kona, harufu ikanikuta. Mwanangu, sijui nikuelezeje. Ilikuwa harufu ya senene wanapoanza kukauka kwenye karai, chumvi na yale mafuta yao wenyewe. Miguu yangu ilisimama bila ya kuambiwa. Nikamwona bibi yangu jikoni kwake, mvua inanyesha nje, anawanyofoa mbawa na miguu mmoja mmoja, kisha wa kwanza kuiva ananipa mie, ingawa wakubwa wake walikuwa wakisema hicho si chakula cha wanawake.

"Kinakaangwa nini hapo?" mama akauliza. "Mbona kinanukia?"

Thureya alikuwa ameshaona. Akapiga ukelele, akajiziba pua kwa ushungi. "Lo! Mama, wadudu! Panzi, viwavi, sijui mende! Watu wanakula haya? Twendeni, nitatapika mie."

Alisema kwa Kiswahili, na yule muuzaji hakujua hata neno. Lakini alikuwa anamtazama usoni. Mwanamke wa makamo, kofia ya ukindu kichwani, ameshachota panzi wachache kwa upawa ili atuonjeshe. Mkono wake ukarudi chini taratibu. Hakuacha kutabasamu. Ndilo lililoniuma.

Mama hakwenda. Alinivuta karibu na mkokoteni. "Nambie wewe, mwanangu. Macho yangu bado hayajakaa sawa. Kuna nini kwenye sinia?"

Nikamwambia. Kuna nyenje wadogo wa kahawia. Kuna viwavi weupe, na kuna wengine wenye magamba nisiowajua. "Na hapa mbele kuna panzi wakubwa, Mama, wametolewa mbawa. Amewakaanga vizuri, hajawaunguza. Wanafanana na senene."

"Senene ndio nini?"

Nilimhisi Thureya kageuka kunitazama. Ningeweza kusema ni kitu nilichokisikia tu kwa watu, na tungekwenda zetu. Nilijua nikisema nitakuwa nimewapa neno la kunicheka mpaka nizeeke. Lakini harufu ile ilikuwa ya bibi yangu, na sikuweza kuikana nami naivuta.

"Ni panzi wa kwetu Bukoba," nikasema. "Bibi yangu alikuwa akinikaangia. Bibi yangu ni Mhaya. Nimewala tangu meno hayajaota yote, na nnawapenda."

Thureya akaangua kicheko. "Si nilisema! Watu wa bara nyie!"

"Thureya, njoo hapa," mama akasema. Hakupandisha sauti. Mama alikuwa hapandishi sauti. "Unajua mie nilipofika Unguja, mtoto mdogo, nimetoka Ibra, watoto wa mtaani walikuwa wakiniita nani? Mmanga mla nzige. Wananifuata nyuma wakipiga makofi. Na kweli, nimewala. Nzige wakitua, mama yangu alitutoa alfajiri na baridi yake, bado wameganda kwenye miti, tunawajaza magunia. Tunawachemsha na chumvi, tunawaanika darini. Hawakutuachia hata jani, tungekula nini? Lakini watoto wale walinitia haya, nikasema sie kwetu hatuli. Nikasema mbele ya mama yangu, yeye anasikia. Amekufa sijamtaka radhi. Sasa huyu wifi yako hakumkana bibi yake. Unamcheka nini?"

Thureya akaushusha ushungi puani.

"Na huyu hapa," mama akaendelea, anamwonyesha muuzaji kwa kidevu, "kasimama juani tangu asubuhi kwa ajili ya watoto wake. Hutaki, mwambie ahsante upite. Kumzibia mtu pua usoni, hilo nimekufunza mie?"

Kisha akanigeukia. "Jarad, hawa nzige na panzi, ni halali. Hao wengine tuwaachie wenyewe. Muulize anakaangia mafuta gani."

Sikuwa na lugha. Nikaonyesha karai, nikakunja uso kama mtu anayeuliza. Yule mwanamke alielewa upesi kuliko nilivyotarajia, pengine wengi wa kwetu walishamuuliza. Akainua chupa ya mafuta, ina picha ya mchikichi, akatuchagulia panzi kutoka kwenye sinia la peke yao, akawapasha moto upya, akatutilia katika mfuko wa karatasi.

Mama akasema bismillahi, akatia mmoja mdomoni. Akatafuna na miwani yake myeusi, watu wanapita wanatutazama. Nikaona chozi limetoka chini ya miwani, nikaogopa ni jicho.

"Si jicho," akasema. "Mama yangu alikuwa akizidisha chumvi."

Tukala pale pale, mie na yeye, tukipokezana mfuko. Muuzaji alifurahi mpaka akatuongezea upawa mzima. Thureya hakuonja, na mama hakumlazimisha. Lakini tulipoondoka, Thureya aliinamisha kichwa kwa yule mwanamke, kama alivyoona wenyeji wakifanya, na yule muuzaji akamrudishia.

Tuliposali magharibi, Thureya akaja kukaa kitandani kwangu. "Bibi yako anaitwa nani?" Nikamtajia majina yote mawili. Kokugonza lilimshinda, akalirudia na kulirudia, tukacheka mpaka mama akatugombeza.

Miaka ikapita, wewe ukazaliwa, tukaingia miaka ya elfu mbili. Ikaja simu kutoka Bukoba kuwa bibi yangu amefariki na wameshamzika. Nilikaa jikoni sijui nifanye nini. Nilidhani nitalia peke yangu siku mbili tatu, kwani nani Ibra anamjua? Bi Shamsa akaingia, akaniangalia, akatoka. Nikasikia vitu vinasogezwa. Nilipokwenda kutazama, ameshatandika mikeka sebuleni na mlango wa wanawake umefunguliwa wazi.

Majirani walikuja kutoa pole. Wakauliza ni nani aliyekufa. "Bibi yetu wa Bukoba," mama akawajibu, kila mmoja. Mmoja akanong'ona, Mhaya? "Mhaya," mama akasema, "na ndiye aliyetulelea huyu."

Thureya ndiye aliyemimina kahawa siku zote zile, mguu wake haukutulia. Na ilipofika hitma, msomaji alipouliza jina la marehemu, mie sauti ilinikatika. Thureya akalitaja. Zaituni, akasema, Kokugonza. Hakulikosea.

Mwanangu, nyinyi siku hizi mnasafiri kama watu waendao sokoni, na kila mnachokutana nacho mnakipiga picha. Nendeni, mtembee, muone. Lakini ukifika kwa watu ukakuta chakula usichokijua, kumbuka kuna mtu amekipika na anakutazama. Uliza kama ni halali kwako. Kama si halali, au moyo haukitaki, weka mkono kifuani, shukuru, pita. Usikunje uso. Na ukiulizwa kwenu mlikula nini, sema, hata kama wenye kuuliza wanangoja kucheka. Na mtu akikwambia bibi yake alikuwa nani, muulize na jina lake, ujifunze kulitamka.

Haya, nimemaliza. Mola akuongoze kila uendako, akukutanishe na watu watakaokukaribisha kwa nyuso kunjufu, akupe wakwe wa kukusimamia, na akujaalie wajukuu watakaokutaja kwa mapenzi. Amin, mwanangu. Amin.