Mama Mkwe na Jitu la Pango la Saba

Gemu yenyewe nilipewa bure. Kuimiliki kumenigharimu shilingi elfu themanini na tano: umeme wa ziada elfu thelathini na nane, padi mpya ya kuchezea elfu ishirini na tano, kadi ya kuhifadhia elfu kumi na tano, waya elfu saba. Nimejumlisha mara mbili. Mara ya pili nikakumbuka na jogoo, lakini jogoo tulimla wote, simhesabu.

Hiyo bure ilikuja hivi. Mtumishi mmoja wa serikali alipata uhamisho, na mtumishi akihamishwa kutoka Mpanda huuza vyombo vyote, kuanzia kitanda mpaka ungo. Nilikwenda kununua televisheni. Tulivutana bei mpaka akachoka, na alipochoka nikadai nyongeza. Mimi nauza mchele hapa Majengo. Mteja wangu haondoki bila kuongezewa walau kiganja, sasa mimi niondoke mikono mitupu kwa watu? Akatazama huku na huku. Kila kitu kilikuwa kimeshapata mwenyewe. Akaniwekea mikononi boksi lenye mashine ya gemu ya zamani na sidii moja.

"Chukua, mzee, uniache nifunge mizigo."

Nilirudi nyumbani nikijiona mjanja.

Ni gemu ya kijana mwenye upanga mfupi na joho jekundu. Jua la nchi yao limemezwa na jitu, na jitu limejificha kwenye pango la saba. Kijana apite mapango sita kwanza, kila pango litoe ufunguo, halafu ndiyo akakutane nalo. Ilikuwa masika, mchele wa zamani umekwisha na mpya bado uko shambani, kwa hiyo mchana nilikuwa na nafasi. Nikaanza kucheza. Nilikuwa pango la pili mama mkwe alipofika kutoka kijijini kwake Kasansa.

Hapa lazima nieleze. Mke wangu ni wa Wasukuma waliohamia Mpimbwe na ng'ombe zao. Mimi ni wa mjini, mchanganyiko, babu huyu wa huku, bibi yule wa kule. Kwetu mama mkwe unamwamkia, basi. Kwao mkwe wa kiume hakai chumba kimoja na mama mkwe, hamtazami usoni, hali naye, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Nilikubali masharti hayo siku ya mahari bila kuyafikiria, kwa sababu yeye alikuwa Kasansa na mimi Mpanda, na majani ya kuingia hayakuwepo.

Sasa alikuwa ndani ya nyumba yangu yenye vyumba vitatu na korido moja. Alikuja kutolewa mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilifanyiwa, likapona vizuri. La kushoto lingesubiri madaktari wa macho warudi mwezi unaofuata. Yeye hakutaka kusubiri. Mpunga unataka kuliwa na ndege, ng'ombe wanamwagiwa dawa ovyo, na jicho moja, alisema, linatosha kuona ujinga wa dunia.

"Akipanda gari kurudi Kasansa, baba watoto, harudi," mke wangu aliniambia jikoni. "Hili la kwanza tumembembeleza miaka miwili. La kushoto sasa hivi haoni hata mkono wake. Tafuta cha kumshika."

Cha kumshika kilijileta chenyewe. Siku moja nacheza sebuleni, yeye yuko chumba cha wageni, mlango wazi, pazia limeshushwa. Nikasikia pazia likisogea. Sikugeuka, ningegeukaje?

"Wewe," sauti yake ikamwambia mke wangu aliyekuwa sakafuni anamenya karanga, "mwambie mwenye nyumba, huyo kijana wake ameingia kwenye nyumba ya mtu bila hodi."

Mke wangu, ambaye mama yake humwita mayu, akanigeukia, kana kwamba mimi niko Sumbawanga. "Mayu anasema kijana ameingia bila hodi."

"Mwambie mama nimesikia. Ndivyo gemu ilivyo."

"Anasema ndivyo gemu ilivyo."

"Na mitungi ya yule mama anaivunja ya nini?"

Ni kweli, kijana anavunja mitungi. Ndani ya mitungi kuna dhahabu. Nilimweleza, kupitia kwa mke wangu. Hukumu ikatoka nyuma ya pazia: mtu anayevunja mitungi ya mwanamke aliyemkaribisha hawezi kulirudishia taifa jua. Kuanzia siku ile kijana wangu alisimama kila mlangoni, mke wangu akaita "Hodi!", mama akajibu "Karibu!" kutoka nyuma ya pazia, ndipo nikaingia, nikazunguka mitungi kwa adabu, nikatoka. Mitungi ya mapangoni aliiruhusu, kwa kuwa haina mwenyewe.

Ndiyo maana tulikuwa maskini. Taa ya kuingilia pango la nne ilikuwa inauzwa dhahabu themanini, nami nilikuwa nayo sitini na mbili. Nikafanya ninachofanya siku zote: nikaitazama taa, nikaguna, nikatoka dukani taratibu nisubiri kuitwa. Sikuitwa. Nikaingia tena, nikatoka polepole zaidi. Yule muuzaji wa kwenye gemu alikaa na masharubu yake, anatabasamu, bei ile ile.

"Mwambie mwenye nyumba aache kujidhalilisha," mama mkwe alisema. "Hana mteja mwingine na hapunguzi. Huyo ana ng'ombe mahali."

Mke wangu alicheka mpaka karanga zikamwagika.

Hakuulizia gari wiki ile, wala iliyofuata. Asubuhi nikiwa bado naswaki uani nilisikia akimuuliza binti yake kama mwenye nyumba ana safari leo au atakuwepo. Shida ilikuwa ujumbe unachelewa. Mama anaona nyoka, anamwambia mke wangu, mke wangu anamaliza karanga iliyoko mkononi, ananiambia, na mimi nimeshakufa. Mke wangu akienda sokoni ikawa mbaya zaidi, hatukuwa na mtu wa kupitishia maneno. Tukampata paka.

"We paka, mwambie mwenye nyumba kuna kitu kwenye dari."

"Paka, mwambie mama nakiona."

"Paka, mwambie hakioni, anatazama kule kwingine."

Paka alilala mlangoni nusu sebuleni nusu chumbani, hakuwahi kuinua kichwa. Na hakuchelewesha ujumbe hata mmoja.

Kwa namna hiyo tukamaliza pango la tano na la sita, na hapo nikastuka. Madaktari walikuwa bado siku kumi. Lilibaki pango moja.

"Paka," akasema mama mkwe, "mwambie mwenye nyumba leo tulimalize hilo jitu. Keshokutwa kuna gari la Kasansa, nimeshafunga mzigo."

Mke wangu alikuwa sokoni. Padi ilikuwa mkononi mwangu. Kwenye mlango wa pango la saba kuna shimo, na daraja pembeni yake, pana tu, ng'ombe wawili wangepishana. Nikamtupa kijana shimoni. Gemu ikamrudisha mwanzo wa pango. Nikamwendesha tena, nikaguna kama mtu anayehangaika, nikamtupa. Mara ya tatu nikaongeza na "Lahaula!" ili mambo yakae sawa.

Pazia likasogea. Halafu:

"Paka. Mwambie mwenye nyumba, ng'ombe anayeanguka mara tatu mahali pale pale ama ni mgonjwa, ama mwenyewe hataki auzwe."

Nikajifanya nafuta padi kwa shati.

"Muulize ni lipi."

Katika biashara kuna wakati mtu ameshautandaza mchele wako kiganjani na ameziona chenga. Hapo huapi tena. Unasema bei.

"Paka," nikasema, "mwambie mama ni jicho la kushoto."

Nilisikia akijisogeza kwenye kiti. Alipoongea tena sauti ilikuwa chini, na paka, kwa mara ya kwanza, aligeuza sikio.

"Mwambie lile la kwanza niliogopa. Kisu nilikisikia. Watu wanasema husikii, mimi nilikisikia. Mpunga una vijana wa kuuamia ndege. Mimi naogopa kisu."

Miaka kumi na miwili ya ndoa sikuwahi kusikia neno hilo kutoka kwake. Nilitaka kugeuka. Nikatazama kwenye kioo cha televisheni, kijana amesimama na joho lake linapepea.

"Paka, mwambie mama hata mimi ningeogopa. Mwambie siku hiyo nitakuwa nje ya mlango wa hospitali, nimekaa upande asikoniona, mpaka atoke."

"Ataacha duka?"

"Ataliacha."

"Siku nzima?"

"Nzima."

Akafikiri. Huyu ni mwanamke aliyekuza ng'ombe na kuwauza yeye mwenyewe, hakubali bei ya kwanza.

"Nitakaa," akasema. "Lakini na mimi nina nyongeza yangu. Jitu lisiguswe mpaka siku hiyo. Nataka kuliona linaanguka kwa macho mawili. Sitoki nyumba hii kabla halijaanguka. Mwambie aseme amekubali."

"Amekubali," nikasema upesi, bila hata kumpitia paka.

Jicho lilifanyiwa. Nilikaa nje ya ukuta wa hospitali tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, mke wangu akipita huku na huku na habari. Kitambaa kilipotolewa alisema kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba binti yake amezeeka. Tukachinja jogoo.

Kisha tukalifuata jitu. Ndipo nilipojua kosa langu: nimeukubali mzigo kabla ya kufungua gunia. Jitu halianguki. Sasa ni mwezi wa sita, mpunga Kasansa umeshavunwa, mchele mpya umeingia dukani, na mama mkwe bado yuko nyuma ya pazia na macho yake mawili mazima, anaona kila kosa langu. Mimi naoga kwa jirani. Kwenda chooni nakohoa kuanzia sebuleni ili korido iwe wazi. Mke wangu nimemuomba aongee naye. Amesema ahadi ni ya watu wawili na paka, yeye hayumo.

Kwa hiyo nauliza, kwa yeyote aliyewahi kufika huko. Jitu lina mikono minne na jicho moja kifuani. Nikilipiga jichoni mara tano linajikunja kama kobe, linabingirika, na likifunguka uhai wake umejaa upya. Mishale haiingii. Moto linaumeza. Nimejaribu kupita mgongoni, mkia unanirusha. Likishajikunja, linapigwa wapi?